Kuiongezea Nguvu Kompyuta Mpakato ya Zamani kwa Ajili ya Michezo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Utangulizi

Mlaji anayeishi Mkula, mkoani Simiyu, anapohitaji kifaa cha kompyuta, mara nyingi hulazimika kusafiri hadi Bariadi au, kwa njia ya Lamadi na Magu, hadi jijini Mwanza. Akirejea nyumbani na kifaa kisichoingia katika mashine yake, hasara yake si bei ya kifaa peke yake. Ipo nauli ya kurudi dukani, ipo siku ya kazi iliyopotea, na yapo mabishano na muuzaji ambaye huenda asikubali kurudisha fedha. Kwa familia inayotegemea mauzo ya pamba ya msimu mmoja, kosa la namna hiyo si dogo.

Makala hii inamhusu mlaji mwenye kompyuta mpakato ya zamani ambaye yeye, au kijana wake, anataka itumike kuchezea michezo ya kompyuta, yaani gemu. Swali la kawaida ni hili: je, mashine ya zamani inaweza kuongezewa nguvu? Jibu letu ni kwamba inaweza, lakini kwa kiasi, na kiasi hicho hujulikana kabla ya kutoa hata shilingi moja. Sehemu chache za kompyuta mpakato hubadilika kwa urahisi, nyingine hazibadiliki kabisa. Mlaji anayeijua tofauti hiyo haibiwi kwa urahisi, na hanunui kisichomfaa.

Sehemu zinazobadilika na zisizobadilika

Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa katika masoko yetu ni zile zilizokuwa za maofisi ya ng'ambo, kama vile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara, lakini zilitengenezwa kwa kazi za ofisini. Hazikukusudiwa gemu nzito.

Katika mashine hizo, sehemu nne ndizo zinazoamua gemu itachezeka namna gani.

Ya kwanza ni prosesa, ambayo hufanya mahesabu yote. Katika karibu kompyuta mpakato zote zilizotengenezwa tangu mwaka 2015, prosesa imechomelewa kwa risasi kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi. Haibadilishwi.

Ya pili ni kadi ya michoro, inayochora picha za gemu kwenye skrini. Katika mashine za ofisini, kwa kawaida kadi hiyo imo ndani ya prosesa yenyewe. Pale inapokuwa kadi ya pekee, mara nyingi nayo imechomelewa kwenye bodi kuu. Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote kwa gemu, na ndiyo ambayo mlaji hawezi kuibadilisha. Zipo njia za kuunganisha kadi ya michoro ya nje kwa waya, lakini zinahitaji mashine yenye tundu maalumu pamoja na vifaa vya gharama kubwa, na mara nyingi gharama hiyo inaizidi thamani ya kompyuta yenyewe.

Ya tatu ni kumbukumbu ya RAM, ambamo gemu hukaa wakati inachezwa. Hii hubadilika au kuongezwa katika mashine nyingi, lakini si zote. Katika mashine nyembamba, kama ThinkPad X1 Carbon, RAM nayo imechomelewa.

Ya nne ni diski ya kuhifadhia. Hii hubadilika katika mashine nyingi.

Kwa hiyo, fundi akimwahidi mlaji kwamba "atambadilishia kadi ya michoro" katika kompyuta mpakato ya kawaida, mlaji amuulize atafanya hivyo kwa njia gani, na amwombe aandike ahadi hiyo kwenye karatasi. Mara nyingi ahadi haitaandikwa. Vilevile, zipo programu za kupakua zinazodai "kuongeza RAM" au "kuipa kadi nguvu mara mbili". Hakuna programu inayoweza kuongeza kifaa ambacho hakimo ndani ya mashine.

Jinsi ya kuijua mashine yako

Kabla ya kusafiri, mlaji aandike taarifa zifuatazo kwenye karatasi au azipige picha kwa simu.

1. Jina kamili la mashine. Huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kompyuta. "HP EliteBook" pekee haitoshi. EliteBook 840 G1 hutumia RAM ya aina ya DDR3L, ilhali 840 G3 hutumia DDR4. RAM ya moja haiingii katika nyingine.

2. Kizazi cha prosesa. Watu wengi husema "ni i5" wakidhani wamemaliza. Tazama namba inayofuata. Katika i5-4300U, tarakimu ya 4 inaonyesha kizazi cha nne. Katika i5-8250U, tarakimu ya 8 inaonyesha kizazi cha nane. Mashine hizi mbili zote huitwa i5, lakini ya kwanza ina viini viwili vya kufanyia kazi na ya pili ina vinne.

3. RAM iliyopo na nafasi zake. Katika Windows 10, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu inayoonyesha utendaji wa mashine. Hapo utaona kiasi cha RAM, kasi yake, na nafasi ngapi za kuchomekea RAM zimetumika kati ya zilizopo. Ukurasa huohuo huonyesha jina la prosesa na la kadi ya michoro.

4. Aina ya Windows. Kama mashine imewekewa Windows ya biti 32, haitaweza kutumia zaidi ya GB 4 za RAM, hata ukinunua GB 16. Wapo walaji walioongeza RAM wasione tofauti yoyote kwa sababu hii tu. Dawa yake ni kuweka Windows ya biti 64 kabla ya kununua RAM.

Baada ya kupata taarifa hizi, linganisha na mahitaji ya gemu unayoitaka. Watengenezaji wa gemu hutangaza mahitaji hayo, na tofauti kati ya gemu moja na nyingine ni kubwa mno. GTA San Andreas, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2005, iliomba RAM ya MB 256 tu. Karibu kila kompyuta iliyopo sokoni leo inaiweza. GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, iliomba angalau RAM ya GB 4, kadi ya michoro yenye kumbukumbu yake ya GB 1, na zaidi ya GB 60 za nafasi kwenye diski, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mlaji mwenye mashine ya ofisini ya kizazi cha nne ataifurahia ya kwanza, na atahangaika na ya pili hata akiongeza kila kinachoongezeka.

Anza na yasiyo na gharama

Tunashauri mlaji asinunue chochote kabla ya kufanya mambo manne yafuatayo.

Safisha vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la Simiyu huingia katika kila tundu. Kompyuta hupozwa na feni ndogo pamoja na chuma cha kutolea joto. Vikijaa vumbi, joto hupanda, na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mchezaji huona gemu ikianza vizuri, kisha baada ya dakika 10 au 15 ikaanza kukwama. Dalili hiyo kwa kawaida ni ya joto, na RAM mpya haitaiponya. Fundi huifungua mashine, huondoa vumbi, na hubadilisha krimu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoza, ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita. Kazi hii hulipiwa ufundi tu, na mara nyingi ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko zote. Baada ya hapo, usiweke kompyuta juu ya godoro au blanketi wakati wa kucheza. Iweke juu ya meza.

Kagua chaja. Chaja isiyo ya mashine hiyo, au yenye nguvu pungufu, huweza kuifanya kompyuta ipunguze kasi. Mashine za Dell, kwa mfano, hufanya hivyo zisipoitambua chaja. Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja na uzilinganishe na zinazotakiwa na mashine. Vilevile, cheza ukiwa umechomeka umeme, kwa kuwa mashine nyingi hujipunguzia kasi zinapotumia betri.

Punguza ubora wa picha ndani ya gemu. Katika mipangilio ya gemu, punguza ukubwa wa picha, zima vivuli, na punguza umbali wa kuona. Kadi ndogo ya michoro hupata nafuu kubwa kwa hatua hii, na haigharimu kitu.

Funga programu zinazojiwasha zenyewe. Mashine yenye GB 4 huweza kumaliza nusu ya RAM yake kabla gemu haijafunguliwa.

Kununua RAM

Kama baada ya hayo gemu bado inakwama, na ukurasa wa utendaji unaonyesha kwamba RAM hujaa wakati wa kucheza, basi RAM ndiyo ununuzi wa kwanza. Kwa mashine nyingi za zamani, kutoka GB 4 hadi GB 8 kuna tofauti inayoonekana. Kutoka GB 8 hadi GB 16 kwa gemu za zamani, mara nyingi tofauti ni ndogo.

Jambo moja huwapita wanunuzi wengi. Kadi ya michoro iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake; huazima RAM ya mashine. Vipande viwili vya RAM vinavyolingana hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kipande kimoja hupitisha kwa njia moja. Kwa hiyo, vipande viwili vya GB 4 huisaidia gemu kuliko kipande kimoja cha GB 8, ingawa jumla ni ileile. Mwenye kipande kimoja cha GB 4 na nafasi moja tupu anahitaji kuongeza kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza.

Dukani, hakikisha mambo haya: kipande ni cha kompyuta mpakato, kwa kuwa cha kompyuta ya mezani ni kirefu na hakiingii, ni cha kizazi sahihi, yaani DDR3 au DDR4, na kama mashine inataka DDR3L, usikubali DDR3 ya kawaida, ambayo hutumia volti 1.5 badala ya 1.35. Inapowezekana, nenda na kompyuta yenyewe, kipande kichomekwe mbele yako, mashine iwashwe, na usome kiasi cha RAM kwenye skrini kabla ya kulipa.

Kununua diski ya SSD

Diski ya zamani ya HDD ina sahani inayozunguka. SSD haina kitu kinachozunguka. HDD ya kompyuta mpakato husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya aina ya SATA hufikia takriban MB 500. Mashine huwaka haraka, na gemu hufunguka haraka.

Hata hivyo, ni lazima tuseme ukweli wa jambo hili. SSD hupunguza muda wa kusubiri, lakini haiongezi kwa kiasi kikubwa idadi ya picha ambazo gemu huonyesha kwa sekunde. Muuzaji anayesema kwamba SSD "itafanya gemu nzito icheze" anapotosha. Inunue kwa sababu itaifanya mashine nzima iwe nyepesi kwa masomo, kazi na michezo, na si kwa kutarajia kwamba itachukua nafasi ya kadi ya michoro.

Katika bidhaa hii udanganyifu ni mwingi. Zipo diski na kadi za kumbukumbu bandia zilizochezewa ndani ili zijitangaze kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyopo. Kompyuta huonyesha terabaiti kadhaa, lakini baada ya gigabaiti chache, mafaili mapya huharibika au kupotea. Bei iliyo chini mno kwa nafasi kubwa mno ni onyo la kwanza. Zipo programu za bure, kama vile H2testw, zinazojaza diski yote na kuisoma tena ili kubaini ukweli. Fanya jaribio hilo mapema, kabla hujahamishia kitu na kabla muda wa dhamana haujaisha.

Wakati wa kuacha

Ipo hali ambayo ushauri wetu ni kutonunua kifaa chochote. Kabla ya kulipa, jumlisha bei ya RAM, bei ya SSD, malipo ya fundi, na nauli ya kwenda na kurudi. Kama jumla hiyo inakaribia nusu ya bei ya kompyuta nyingine iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, tunza fedha hizo na uongezee taratibu hadi ufikie mashine hiyo.

Sababu ya pili ya kuacha ni programu endeshi. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Duka la gemu la Steam nalo liliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Mashine ya kizazi cha tatu au cha nne bado inafaa kwa gemu za zamani, lakini si busara kuitumbukizia fedha nyingi kana kwamba ina miaka mingi mbele yake.

Tuchukulie mfano wa kijana wa Mkula mwenye mashine ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 katika kipande kimoja, na HDD ya GB 500. Akisafisha vumbi, akiongeza kipande cha pili cha GB 4, na akiweka SSD ya GB 256, atapata mashine inayowaka haraka na inayocheza vizuri gemu nyingi za mpira na za magari zilizotoka kabla ya mwaka 2013 hivi. Hapo ndipo mwisho wa mashine hiyo. Akishawishiwa kuongeza hadi GB 16 ili acheze gemu za miaka ya karibuni, atakuwa amelipia ahadi ambayo kadi yake ya michoro haiwezi kuitimiza.

Kumkabidhi fundi mashine

Wapo mafundi wengi waaminifu. Hata hivyo, mlaji ajilinde kwa hatua hizi:

1. Nakili mafaili yako muhimu kwanza, na utoke kwenye akaunti zako za fedha na barua pepe.
2. Piga picha namba ya utambulisho ya mashine, kiasi cha RAM na aina ya diski kama vinavyoonekana kwenye skrini. Linganisha ukirudishiwa.
3. Kubaliana bei ya ufundi kabla ya mashine kufunguliwa.
4. Dai vipande vya zamani vilivyotolewa. Ni mali yako. HDD ya zamani inaweza kuwekwa kwenye kasha lake na kutumika kama diski ya nje.
5. Usikubali gemu zilizonakiliwa kwa flashi kama "zawadi". Mara nyingi huja na virusi, na kuzisambaza bila ruhusa ni kinyume cha sheria ya hakimiliki.

Haki zako na mahali pa kulalamika

Dai risiti ya kielektroniki kwa kila ununuzi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, kudai risiti ni wajibu wa mnunuzi, na katika mgogoro risiti ndiyo ushahidi wa kwanza. Omba iandikwe aina kamili ya kifaa, kwa mfano "RAM DDR3L GB 4 ya kompyuta mpakato", na si "kifaa cha kompyuta". Kama kuna dhamana, iandikwe ni ya muda gani na inahusu nini.

Mweleze muuzaji mashine yako ni ipi na unataka kifaa kwa kazi gani. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anayemweleza muuzaji lengo lake na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo ana msingi wa kudai bidhaa inayofaa kwa lengo hilo. Anayeingia dukani na kusema tu "nipe ile" hana nguvu hiyo. Aidha, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au uwezo wa bidhaa.

Ukipata tatizo, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na picha, na uweke malalamiko yako kwa maandishi. Asipokusikiliza, mwone afisa biashara wa halmashauri yako. Kwa bidhaa bandia au upotoshaji, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mwanza. Kwa bidhaa isiyokidhi viwango, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa ufupi

Andika taarifa za mashine kabla ya kusafiri. Safisha vumbi kabla ya kununua. Nunua RAM kabla ya SSD kama RAM ndiyo inayojaa, na iwe vipande viwili vinavyolingana. Usilipie ahadi ya kubadilishiwa kadi ya michoro. Jumlisha gharama zote pamoja na nauli, na uzilinganishe na bei ya mashine bora zaidi. Na usiondoke dukani bila risiti inayotaja kwa jina kile ulichonunua.